Simu ya Ghorofa ya Nne

"Mtafutie shemeji nyumba iliyomuua mumewe," alisema mkuu wa zamu, akaenda zake.

Mpokea simu wa ambulensi akamvutia mjane kiti, akafungua daftari. Marehemu alikuwa dereva wao. Walimwita Kobe kwa sababu alikimbiza gari kama mwehu. Hata mazikoni wenzake walilicheka jina hilo, kisha wakalia.

Tangu ugonjwa uingie, mwenye kikohozi alisubiri gari maalumu, la watu waliovaa mavazi ya kujikinga toka utosini hadi unyayoni. Gari lenyewe moja, mji mzima! Ukipiga simu leo, linakuja keshokutwa. Likikuta maiti, basi tena. Lakini aliyevunjika mguu, nusu saa tu Kobe huyo mlangoni, na kibarakoa chake cha kitambaa. Watu wakajanjaruka, wakaanza kuvunjika miguu.

"Washenzi," alisema mjane. "Walijua wanakohoa."

"Walijua, shemeji." Sauti ya mpokea simu ilitetemeka kwa hasira. "Mungu anawaona."

Kidole chake kilishuka ukurasa baada ya ukurasa. Wiki ile ya mwisho kabla hajaugua, Kobe alibeba miguu mitano. Minne ilikuwa imevunjika kweli, hospitali ilithibitisha.

"Na huo wa tano?"

"Mama mtu mzima, ghorofa ya nne. Jina hakuna. Mtaa haukuandikwa."

"Sasa mume wangu alifikaje bila mtaa?"

"Alielekezwa kwa redio. Siku zile ilikuwa vurugu tupu, shemeji, hata kuandika tulikuwa hatuwahi."

Mjane akafuta macho kwa kiganja. "Habari za huyo alinisimulia. Ngazi nyembamba, machela ikagoma kupita, akambeba mgongoni mpaka chini. Alirudi nyumbani anajisifu, mjinga wangu yule. Siku ya nne akaanza homa."

Hapo akaangua kilio. Mpokea simu naye alishindwa kujizuia, akalia mpaka kamasi zikalowesha barakoa.

"Ukimjua aliyepiga simu ile, dada yangu, utaniambia?"

"Wewe wa kwanza."

Zamu ilipoisha jua lilikuwa bado kali. Mpokea simu akapita sokoni kununua machungwa, akaenda kwao. Ngazi zilikuwa nyembamba, mfuko ukigonga ukutani. Alipumzika ghorofa ya pili, akapumzika tena ya tatu, ndipo akamalizia.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, rangi imemrudia usoni, kikombe cha chai mkononi. Wiki mbili tu zilizopita alikuwa wa kukatiwa tamaa.

"Umechelewa, mwanangu. Machungwa hayo? Asante." Akakiweka kikombe chini. "Hebu niambie, yule dereva aliyenibeba hajambo? Mlete siku moja. Ule uongo ulionifundisha wewe, niseme mguu umevunjika, unanisuta, na nilijikaza weee, mwisho nikamkoholea kisogoni. Nataka nimwombe radhi."