Kamba ya Shemeji

"Nimesema zungusha kamba kwenye shina! Mara tatu, na usiiachie!" Kitwana alifoka kutoka juu ya mkaratusi, chensoo, ule msumeno wa injini, ikinguruma mkononi.

"Tayari, shemeji! Wewe kata tu!" Mbwera alijibu kutoka chini. Alikuwa kaka wa mke wa Kitwana, na hakuna aliyemwomba aje.

Chini ya tawi kulikuwa na jiko la Bi Tausi, limeezekwa bati jipya. Kitwana alikuwa amemwapia kwamba bati halitaguswa.

Akakata. Tawi likashuka kwa kasi, kamba iliyolifunga ikapiga mluzi kwenye kapi, kigurudumu alichokitundika Kitwana juu ya kichwa chake, na Mbwera akapaa. Kumbe kamba alijifunga kiunoni, eti viganja vinamuuma.

Fundo la kiunoni likakwama kwenye kapi. Tawi likasimama shubiri moja juu ya bati.

"Umefuata nini huku?" Kitwana aliuliza, wakitazamana uso kwa uso.

"Si umesema nisiiachie?"

Bi Tausi akatoka jikoni na mwiko wake. Akalitazama tawi, kisha akawatazama wao.

"Sasa huku chini kamba kashika nani?"

Kandambili ya Mbwera ikachomoka mguuni, ikatua juu ya bati.