Siku Ishirini na Sita

Daktari alifunga daftari la maumivu ambalo mgonjwa wake alikuwa amelijaza kwa miezi mitatu, akavua miwani.

"Mama, kipandauso chako ni cha kweli. Lakini vidonge vya kutuliza maumivu unavimeza siku ishirini na sita kwa mwezi. Vikizidi hivyo, vyenyewe ndivyo vinavyoleta maumivu. Tiba ya kwanza ni kuviacha."

Kando ya mgonjwa aliketi mumewe, mfamasia. Dukani, alimrudisha kwa ukali mteja yeyote aliyerudi kununua vidonge hivyo mara tatu kwa wiki. Nyumbani, kwa miaka kumi na moja, alimpelekea mkewe viwili kila alipoamka akishika kichwa, naye mkewe alimwita Bwana Dozi na kumshukuru. Mfamasia hakuwahi kuvihesabu.

"Nani anakuuzia vingi hivi?" daktari aliuliza. "Mtu huyo anakuumiza."

Mkono wa mfamasia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Vidonge viwili, ambavyo alikwisha kuvitoa kwenye karatasi yake kwa ajili ya safari ya kurudi, vilikuwa vimelowa jasho na kuanza kunata kiganjani. Alifumbua mdomo.

Mkewe akamfinya goti.

"Nanunua huku na kule, daktari. Mwenzangu hajui. Angejua, hapangekalika."

Daktari akatikisa kichwa, kisha akamgeukia mume kwa heshima.

"Basi mzee, bahati nzuri wewe ni mtu wa dawa. Kuanzia leo, mlinde."

"Nitamlinda," mfamasia alisema.