Jibu la Posa Ukutani

Siku hizi posa haisemwi kwa mdomo. Ni lazima iletwe kwa slaidi, la sivyo haihesabiki. Ndiyo maana mshenga, Mzee Shekilindi, alikaa kimya sebuleni kwa Mwajabu akiumulika ukuta kwa projekta.

Mwajabu alitazama kwa jicho la fundi, maana programu iliyotengeneza slaidi hizo aliibuni yeye. Zilikuwa safi: maneno machache, hakuna kujisifu. Kijana anayeposa alionyesha hata sufuria aliyoiunguza. Slaidi ya mwisho ilikuwa picha ya Tabu, binti wa pekee wa Mwajabu, akicheka kama alivyocheka kabla baba yake hajafariki. Machozi yakamlengalenga Mwajabu.

"Mshenga, umekuja kuposa au kuniliza?"

"Mimi nabonyeza tu, Mama Tabu. Zamani tulikuwa tunaulizwa ukoo mpaka jasho linatutoka."

"Picha hii kaichagua kijana?"

"Programu. Ilituuliza mama mkwe ni nani, basi."

Mwajabu akacheka. Ndivyo alivyoipanga: imjue msikilizaji kwanza. Kazi nzuri ni nzuri, hata ikikugeukia. Lakini Tabu akiondoka, yeye atabaki peke yake. Hilo alitaka kulifikiria hadi Ijumaa.

Kabla hajafungua kinywa, programu ilimwandikia jibu, na slaidi yake ikajitokeza ukutani: "Mchukueni, lakini akilala njaa mtanijua."

"Tumepokea," alisema mzee, akitafuta viatu vyake.

Jikoni, walikokuwa majirani, vigelegele vikaanza. Mwajabu alilisoma jibu lake tena, akitafuta neno la kurekebisha, na hakuliona.