Mapafu Yaleyale

Kisu kilizama kwenye pafu kiulaini mno, kana kwamba njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Mkaguzi wa nyama alisita. Alilipanua pafu kwa vidole viwili, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Vinundu vya kifua kikuu vilikuwapo, vyeupe, vigumu, vikikwaruza ncha ya kisu kama mchanga. Hivyo alivitarajia. Lakini kando ya vinundu palikuwa na mkato mwingine, kingo zake zimekauka na kugeuka rangi ya kahawia. Mkato ule haukuwa wa leo. Tena ulikwenda mshazari, kama anavyokata mtu wa mkono wa kushoto.

Yeye mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Na huyu pia?" mwindaji aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amevua kofia, ameikunja mkononi. "Dada, huyu nimempiga akipanda mlima mbio. Wewe ukiwa na mapafu ya namna hiyo, hata ngazi za ofisini zitakushinda."

Siku nyingine angecheka. Sasa alimgeukia swala aliyening'inia kwenye ndoano. Mafuta ya figo yalikuwa meupe na mengi. Tezi za shingoni zilikuwa ndogo, laini, safi. Mnyama mwenye mapafu yaliyooza kiasi hiki angekuwa mifupa na ngozi.

Huyu alikuwa swala wa nne kukataliwa mwezi ule, na wote walikuwa wa mwindaji huyuhuyu. Kanuni ilikuwa moja: mapafu yakiwa na vinundu vile, mnyama mzima huenda kuchomwa. Akikataliwa wa tano, kibali cha kuwinda kingefutwa, na mtu huyu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Viungo vya kila swala vililala usiku kwenye mfuko kando ya mwili, ndani ya chumba cha baridi. Kulikuwa na mtu aliyetoa mapafu mazima na kuweka haya, aliyokwisha kuyakata yeye mwenyewe.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo. Kila mtu alimwita Mzee. Ndiye aliyemfundisha kazi, akimfunga macho kwa kitambaa ili apapase ini na kutaja ugonjwa kwa vidole tu. Ndiye pia aliyesimama mahali pa baba yake siku ya harusi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufika kazini kabla yake.

Mzee alifunga mlango, akamsikiliza hadi mwisho.

"Jiulize, mwanangu. Mnyama akishakataliwa, nani anaondoka naye?"

Mkaguzi alilijua jibu. Gari la kubebea nyama iliyokataliwa liliendeshwa na mume wake, na ufunguo wa chumba cha baridi ulining'inia kiunoni mwake mchana kutwa; usiku tu ndipo ulipoachwa kituoni.

"Niachie hayo mapafu," Mzee alisema taratibu. "Nitayafikisha polisi mwenyewe. Wewe kathibitishe kwanza kama wanafika tanurini."

Mchana alikwenda kwenye tanuri la kuchomea. Mchomaji alijipangusa jasho, akamtazama kana kwamba amepotea njia.

"Swala? Mimi huletewa mbuzi na kuku. Swala sijaona hata kwato."

Jioni alimkuta mume wake amekaa jikoni, anamenya viazi. Hakukaa.

"Wale swala unawapeleka wapi?"

"Swala gani?" Mume aliinua uso. "Nikifika kuwachukua huwa wameshaondolewa. Nilidhani umewaagizia gari jingine."

"Ulidhani? Tunalala kitanda kimoja, halafu ulidhani?"

"Mke wangu, kazi yako sikuingilii. Wewe ndiye uliyeniambia tusizungumze ya kituoni nyumbani."

Ni kweli aliwahi kusema hivyo. Lakini usiku ule maneno hayo yalimkaa rohoni kama kejeli. Alimkumbuka mwindaji na kofia yake iliyokunjwa, akamwona mawazoni mume wake akipanga nyama kwenye gari, akipiga mluzi. Miaka tisa! Alivuta godoro la wageni, akalala sebuleni.

Kesho yake aliandika maelezo. Mzee alikaa pembeni yake, akimsaidia kupata maneno pale alipokwama. Polisi wawili walimchukua mume wake getini, mbele ya wafanyakazi wote. Hakupiga kelele. Alifungua kishikizo cha mkanda, akautoa ufunguo na kumkabidhi mkewe.

"Ungeniuliza mara ya pili," alisema.

Mkaguzi aligeuza uso.

Siku tatu alikula kidogo na kulia sana. Dada za mume wake hawakupokea simu zake. Ni Mzee peke yake aliyemjulia hali asubuhi na jioni, na Jumapili akamwita nyumbani kwake. "Usikae na kuta, mwanangu. Njoo ule na sisi."

Alipofika, Mzee alikuwa bado anaoga. Mkewe alimkumbatia kwa muda mrefu, akampa pole, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akarudi jikoni kwenye sufuria zake, akaomba asaidiwe. Mkaguzi alishukuru kupata la kufanya. Alikwenda uani lilikokuwa friji kubwa, akashika mpini wa mfuniko.

"Chukua paja lolote la swala," mke wa Mzee alipaza sauti dirishani. "Mwezi huu tumejaliwa, hata nafasi ya barafu hakuna! Ila ule mfuko mweusi uache hapohapo, Mzee hataki uguswe. Anasema ni mapafu yake ya kufundishia. Akienda kazini alfajiri huondoka nayo, jioni huyarudisha."