Amenawiri

Kila aliyemwona Mwanakheri, mke wa mwanawe, alimwambia Bi Shani, "Mkweo amenawiri!" naye akavimba kichwa. Leo alimleta zahanati kwa shingo upande.

"Ndoa imemkubali tu," alimwambia tabibu.

Tabibu alikuwa akiutazama mkojo kwenye kichupa, mwekundu kama chai ya rangi. "Uliumwa koo hivi karibuni?"

"Ndiyo, likapona lenyewe," Mwanakheri alijibu kwa sauti ndogo.

"Kinga ya mwili wako ilipigana na vidudu vya koo. Mabaki ya vita hivyo yamenasa kwenye figo, zimevimba, hazichuji vizuri. Mama, huu si unene. Ni maji."

Akambonyeza Mwanakheri muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki.

Bi Shani aliinua kidole kuelekea shavu alilozoea kulisifu, kikasita hewani.