Chai ya Wanaongoja Chaji

Gari jeupe la abiria, la umeme, lilipotokeza mlimani, Mashavu alibandika chai ya tangawizi kama kawaida yake. Chai huiva gari likiwa bado linachajiwa kituoni hapo, na abiria waliochoka kungoja humjia kibandani. Lakini leo hakuliondolea gari macho. Juzi Ndimbo, dereva aliyemzoea, alimwambia, "Mama, gari jipya nitakalopewa, betri yake inafika mpakani moja kwa moja. Hapa hatusimami tena."

"Usinitishe, mwanangu," alimjibu, akicheka peke yake.

Sasa alikodoa macho. Gari halikupunguza mwendo. Lilipita kimya, hata mbwa hakubweka, na dirishani Ndimbo akampungia mkono. Mashavu akainua kikombe, kama anayemkaribisha. Alisimama hivyo hadi nyuma yake chai ikafurika, ikauzima moto.