Mlio wa Taipureta

Siku hizi kila nyumba imepimiwa kumbukumbu ya kompyuta: ukitaka kuingiza kipya, sharti ufute cha zamani. Nami maradhi yangu ni kuchakura tovuti za vijiprogramu. Juzi nilipata kimoja kinachofanya kibodi ilie kama taipureta. Nikafuta rekodi moja ya sauti ambayo haikuwahi kufunguliwa, ndipo kikaingia.

Leo binti yetu Nasra kaposwa. Mke wangu, Rukia, akaniletea kahawa mezani pa kompyuta.

“Baba Nasra, ile sauti aliyotuachia marehemu mama sasa tutaisikia. Aliniusia tusiifungue mpaka harusi ya mjukuu wake.”

Nikaanza kuchapa majina ya waalikwa, na kila herufi ikalia.

“Mlio mtamu huo,” akasema Rukia. “Umeupata wapi?”